Kuvutwa na mbwa Alaska: barafuto au msitu?

Msafiri wa Kisumu anayefika Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, Marekani, mwezi wa Julai anaweza kupanda helikopta hadi kambi iliyo juu ya barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole), ambako mbwa huvuta sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye theluji halisi, au kwenda kwa gari hadi kambi ya msituni, ambako mbwa huvuta kigari cha magurudumu. Msituni ni nafuu zaidi. Helikopta hairuki ukungu ukitanda, na abiria hupimwa uzito. Hata hivyo, kwa sisi tuliozoea joto la Ghuba ya Winam, napendekeza barafuto bila kusita: mbwa hubweka na kurukaruka wakizivuta kamba zao, kisha hunyamaza ghafla sleji inapoondoka. Muhimu ni kutenga siku ya akiba, safari isije ikaahirishwa ukakosa nafasi.