Kupima kundi la risasi: matundu mawili ya mbali, au wastani wa yote?

Anayejijazia risasi mwenyewe hubadilisha kiasi cha baruti kidogo kidogo, hupiga shabaha, kisha hujiuliza ni kiasi kipi kilicho bora. Jibu hutegemea sana namna anavyopima kundi, yaani matundu ya risasi zilizolengwa mahali pamoja; likibana zaidi, ndivyo bora.

Njia iliyozoeleka ni kupima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Rula inatosha, na matokeo yanaeleweka upesi: milimita 29 kwenye mita 100 ni takriban dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii). Lakini ukipiga risasi tano, tatu zilizobaki hazina sauti yoyote. Kibaya zaidi, kila unapoongeza risasi kwenye kundi, kipimo hiki hubaki palepale au hupanda, hakishuki kamwe. Ndiyo maana kundi la risasi tatu hupendeza macho, na si haki kulilinganisha na la risasi kumi.

Njia ya pili hutafuta kwanza kitovu cha kundi zima, kisha wastani wa umbali wa kila tundu kutoka hapo. Kila risasi inahesabiwa, na moja iliyopotoka haiamui peke yake. Hesabu ni nyingi zaidi, ingawa zipo programu za simu zinazosoma picha ya shabaha.

Kwa kuchagua kiasi cha baruti, mimi nashika wastani, tena kwa risasi kumi au zaidi kila kundi. Tofauti ndogo kati ya makundi mawili ya risasi tatu, uipime utakavyo, mara nyingi ni bahati tu.