Uzoefu wangu: nilivyokaguliwa boti ya faibaglasi kabla ya kuinunua

Mkaguzi alipopanda kwenye boti hakusalimiana sana. Alifungua kifuniko cha chumba cha injini, akaweka kiganja juu ya injini ya kulia, kisha ya kushoto. Zote zilikuwa na joto. Akamwambia muuzaji, "Mzee, injini leo sizijaribu. Nitazijaribu kesho, na tafadhali asiziwashe mtu." Injini ya dizeli iliyochoka huonekana inapowashwa ikiwa baridi: inasumbua kuwaka na inatoa moshi mwingi. Ukiipasha kwanza, dalili hizo zinajificha. Hapo hapo nikaona pesa niliyomlipa haijapotea.

Boti ina urefu wa mita 11, injini mbili, umri zaidi ya miaka 20, na kwa macho ilikuwa inang'aa. Dalali alitaka kunipa mkaguzi anayemjua yeye. Nilikataa. Nilitaka mtu asiyepata chochote biashara ikifanyika au isipofanyika.

Boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu asubuhi ile. Kazi kubwa ilikuwa ya nyundo, nyundo ndogo ya plastiki, akigonga kiganja baada ya kiganja, tangu omo hadi tezi. Faibaglasi iliyo nzima hutoa mlio mkavu, mkali. Palipoachana tabaka, mlio unakufa, unakuwa mzito. Baada ya dakika kumi hata sikio langu lilishaanza kutofautisha.

Chini ya mstari wa maji, sehemu ya boti inayozama majini, tulikuta malengelenge machache yenye ukubwa wa sarafu. Alivaa miwani ya kukinga macho, akatoboa moja, majimaji yakaruka. Akaniambia ninuse: siki tupu. Maji hupenya jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, polepole, yakakutana na kemikali zilizobaki ndani za resini, gundi inayoshika faibaglasi, na mchanganyiko huo unazidi kuvuta maji mpaka panavimba. Peke yangu ningekimbia boti ile. Yeye alisema ni machache, hayajaenda ndani, yatatibiwa kabla ya kupaka rangi. Kipimaunyevu alikitumia kwa tahadhari kubwa, kwa sababu boti ilikuwa imetoka majini siku hiyo hiyo na rangi ya chini yenye shaba hudanganya kipimo. Aliomba ruhusa ya muuzaji, akakwangua rangi sehemu chache ndipo akapima.

Shida yenyewe ilikuwa juu, mahali ambapo mimi nilishapita mara tatu. Kwenye sitaha ya mbele, kuzunguka mashine ya kuvutia nanga, nyundo ilikuwa inalia kama inagonga mkate. Maji yalikuwa yakipita kwenye matundu ya bolti na kuloweka balsa, mbao nyepesi iliyo katikati ya tabaka za faibaglasi. Alipiga magoti, akagonga kidogo kidogo na kuchora kwa chaki mpaka doa likafungwa. Pia alikwangua valvu moja ya kuingizia maji ya bahari. Valvu hiyo ni ya shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, lakini ilikuwa na rangi ya waridi badala ya manjano. Zinki imeliwa, kilichobaki ni shaba dhaifu inayoweza kukatika na kuizamisha boti ikiwa imefungwa gatini.

Kesho yake tulitoka baharini, injini zikiwa baridi. Ziliwaka vizuri, lakini kwa mwendo wa mwisho ile ya kulia ilikwama mizunguko 300 kwa dakika chini ya kiwango cha mtengenezaji. Hapa ndipo nina malalamiko. Ripoti iliandika tu kwamba aitwe fundi wa injini. Mkaguzi wa boti hafungui injini, nalo hilo sikuambiwa mapema. Ningejua, fundi angekuwa nasi siku ile na mafuta ya injini yangepelekwa maabara mara moja. Tena kurasa nyingi zilijaa maneno "haikuwezekana kufikika", likiwemo tangi la dizeli. Naelewa sababu, ila ningependa aniambie kwa mdomo ni sehemu zipi hakuziona kabla sijamaliza mazungumzo ya bei.

Fundi alikuta turbo imejaa masizi. Muuzaji alisoma ripoti, akapunguza bei kwa gharama za sitaha, valvu na turbo, nami nikanunua.

Tulipokata sitaha, balsa ilikuwa nyeusi, inabonyea kidoleni na kuchuruzika maji. Uozo ulikomea upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye mstari wa chaki.