Bando la wiki lililokatika sikioni mwa Bibi

"Kwani dada, wewe unajua GB moja ni kiasi gani?"

Niliulizwa hivyo na mhudumu wa huduma kwa wateja, nikiwa nimesimama uani kwa Bibi, Ngamiani, Tanga, mkono mmoja simu, mkono mwingine bado una unga wa mchele. Nimejaribu kulisahau swali lile nimeshindwa. Kwa hiyo naandika uzoefu wangu na bando la wiki la mtandao ambao jina lake nitalihifadhi, maana nia yangu si kugombana na kampuni. Nataka anayefikiria kulinunua ajue kilichonikuta.

Nilikuwa na likizo, miezi michache iliyopita. Kazini kwangu likizo haiji mara mbili, nikaamua wiki nzima nikae na Bibi tule, tuangalie filamu, tusikilize taarabu, na usiku akishalala nifanye jambo ninalolipenda kuliko yote: kuchimbua vitu vya zamani kwenye intaneti. Nikanunua bando la GB 10, siku 7. Bei na masharti mtayaona wenyewe kwenye menyu yao, sina haja ya kuyarudia.

Siku za mwanzo, haki ya Mungu, nililisifia. Bibi enzi za usichana wake alikuwa haikosi sinema ya Majestic ya hapa Tanga ikiletwa picha ya Kihindi, basi nikamtafutia Mother India, ile ya mwaka 1957 aliyocheza Nargis. Karibu saa 3 nzima na haikuganda hata mara moja. Kihindi hakijui, lakini ilipofika pale mama anapomnyanyulia bunduki mwanawe wa kumzaa, Bibi alishika mkono wangu kabla tukio halijafika. Anaikumbuka! Miaka zaidi ya sitini, na bado anajua ni wapi pa kulia.

Siku iliyofuata tukaingia jikoni. Nilikuwa nimepata video ya mama mmoja wa Mombasa akifundisha mkate wa kumimina, nikaisimamisha simu kwenye kopo la sukari na kuanza kufuata hatua kwa hatua: mchele uliolowekwa, tui zito, hamira, sukari, iliki. Bibi akatazama kidogo, akachota mchele kwenye bakuli, akauvunja punje moja kwa kucha. "Mchele huu haujalowa, mwanangu. Huyo wa kwenye simu hajakuonyesha kucha." Akanionyesha: punje ikivunjika kavu katikati, rudisha majini; ikipondeka kama chaki, saga. Nimetazama video nyingi za mapishi, na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia hivyo. Mkate ulioka kwa makaa ya juu na chini, ukaumuka, ukafanya matundu madogo madogo kama sega la nyuki.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba wiki ilikuwa inakwenda vizuri. Mambo yaliharibika siku ya nne.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepata kitu. Wapo watu duniani wanaokusanya santuri za kale, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, wanapiga picha lebo zake, wanazisafisha, halafu wanaziingiza kwenye kompyuta bila kuibana sauti. Upande mmoja wa santuri hizo ni kama dakika 3 tu, na faili lake si kubwa. Katika kufukua nikaangukia sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mwana wa Fumba, Unguja, aliyevuka bahari mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Nilikaa kitandani nimeziba mdomo kwa mkono nisimwamshe Bibi, maana mama yake Bibi alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na santuri za Siti ndizo zilizokuwa zikipigwa nyumbani kwao. Gramafoni iliuzwa Bibi akiwa bado mdogo. Tangu hapo hajaisikia sauti ile.

Basi asubuhi, mkate umeiva, kahawa iko mezani, nikamwambia, "Bibi, vua mtandio sikioni." Nikamwekea simu. Kwanza mkwaruzo, kama mafuta yanayochemka kwenye karai. Halafu fidla. Halafu Siti akaingia. Uso wa Bibi ukabadilika, akafumba macho, vidole vikaanza kupiga mezani polepole.

Mara kimya.

Nikatazama kioo cha simu, kiduara kinazunguka. Bibi hakuitoa simu sikioni. Aliibana zaidi, akangoja, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumkatiza mwingine, "Amepumzika?"

Ujumbe ukaingia: nimetumia asilimia 100 ya kifurushi changu.

Ikanijia hasira ambayo sijui nimfananishie nani. Mimi natunza hesabu zangu. Filamu kwa ubora wa kawaida hula kama MB 700 kwa saa, kwa hiyo ile ya saa 3 ni kama GB 2. Muziki wa ubora mzuri kwenye simu, kilobiti 160 kwa sekunde, ni MB 72 kwa saa. Ongeza mapishi, ongeza uchimbuaji wangu wa usiku, sijavuka GB 4. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Na ule ujumbe wa asilimia 75 uko wapi? Kanuni za vifurushi za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, za mwaka 2021 zinataka mteja aarifiwe akifika asilimia 75, na aarifiwe tena zikifika 100. Kwangu wa kwanza haukuja.

Nikapiga 100, namba yao ya huduma kwa wateja. Nikasikiliza matangazo yao mpaka nikayakariri. Alipopokea kijana, nikamsalimia, nikamweleza taratibu, nikaomba mchanganuo wa matumizi. Akasema mfumo unaonyesha nimetumia. Nikasema sikatai kwamba mfumo unaonyesha, naomba nione nimetumia kwenye nini. Akasema ujumbe ulitumwa. Nikasema haujafika. Ndipo akaniuliza lile swali, na nyuma yake nikasikia mtu anacheka.

Nikamjibu: MB 1,024.

"Haya, kumbe unajua. Sasa unalalamika nini?" Akakata.

Nimefanya kazi na watu kwa miaka, najua siku inavyochosha. Lakini ukilipwa kusikiliza malalamiko, hata kama mteja amekosea kabisa, humfanyii mtihani. Nilirudi jikoni Bibi bado ameishika simu iliyo kimya, ananingoja nimrudishie Siti wake. Siku ile nilikuwa nawapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna chini ya hapo.

Sasa lazima niseme na upande wangu. Usiku nilifungua mipangilio ya simu kwa utulivu, programu moja baada ya nyingine. Nikakuta ile ya kuhifadhi picha ilikuwa imeruhusiwa kutumia data ya simu, na kimya kimya ilikuwa imepandisha video zote za harusi ya binamu yangu. GB 3.9! Hilo ni langu, nalikubali, na yeyote anayesoma akaifunge hiyo ruhusa leo hii. Basi GB 4 nilizotumia mwenyewe, na karibu 4 za harusi, ni 8. Bado GB 2 hazina maelezo. Lakini angalau kampuni haikuniibia bando zima kama nilivyokuwa nimeshaanza kuwatangazia ndugu zangu, na kasi yao kwa kweli ni nzuri, pale Ngamiani hakuna mwingine anayeshika vile. Nikapandisha hadi nyota tatu.

Kesho yake nikaenda dukani kwao mjini. Nilikuta binti mdogo, akanipa kiti, akasoma simu yangu mwenyewe, akahesabu pamoja nami kwenye karatasi. Akasema, "Dada, pole. Hata mimi hizi mbili sizioni." Akaandika lalamiko, akanipa nambari ya lalamiko hilo. GB hakunirudishia, hana mamlaka hayo, lakini nilitoka pale nimetulia, karibu niseme nyota nne. Kumbe yote niliyotaka ni mtu wa kuhesabu nami! Halafu kwenye daladala lile cheko likanirudia, nikarudi kwenye tatu.

Nikanunua bando jingine, la mtandao ule ule. Safari hii nyimbo nilizipakua zote kwanza, zikakaa ndani ya simu, ndipo nikamwita Bibi. Alisikiliza wa kwanza hadi mwisho bila kufumbua macho, akaniomba nirudie, nikarudia. Mara ya tatu akawa anatangulia maneno kidogo kabla ya Siti.

Lalamiko halijajibiwa mpaka leo. Nambari yake ninayo kwenye daftari, ukurasa ule ule nilioandika vipimo vya mkate wa kumimina, na kila Jumatatu napiga kuiulizia.