Nimeweka PHP kwa apt kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba kompyuta yangu ni mtumba wa Kariakoo. RAM ni GB 4, na betri ilishakufa kabla hatujafahamiana, kwa hiyo ukichomoa waya inazima hapo hapo. Niliiwekea Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa bure, kwa sababu Windows ilikuwa inaitesa. Intaneti yangu ni hotspoti ya simu, bando la GB 1. Aliyekaa kwenye ofisi yenye faiba anaweza asielewe kwa nini nahesabu MB moja moja. Asome tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mama mdogo. Ana cherehani tatu pale Manzese, na daftari la vipimo vya wateja ambalo kurasa zake za katikati zimeshikiliwa na soletepu. Nilimwahidi daftari la kwenye kompyuta: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, saa aliyoleta kitambaa na siku ya kuja kuchukua nguo. Nikachagua kuliandika kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Rafiki yangu mmoja anayeandika programu alinicheka, akasema hiyo ni lugha ya wazee. Ni kweli si ya jana. Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 apate kujua nani anatembelea wasifu wake mtandaoni, na zile herufi awali zilisimama badala ya Personal Home Page. Lakini sehemu za bei nafuu za kuhifadhi tovuti karibu zote zinaikubali, na mimi ndiyo ninayoijua. Basi.

Miaka ile nasoma niliwahi kuipata kupitia XAMPP, faili moja kubwa linalozidi MB 100, ndani mna Apache, ambayo ni seva, yaani programu inayotoa kurasa za tovuti kwa kivinjari, hifadhidata, PHP na vikorokoro vingine ambavyo sikuwahi kuvigusa. Safari hii nikatumia apt, msimamizi wa vifurushi anayekuja na Ubuntu. Neno kifurushi lisikuchanganye na kile cha mtandao wa simu. Hapa ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo ya vitu inavyovitegemea. Unaagiza kimoja, apt inakwenda ghalani huko mtandaoni, inakuletea hicho na wenzake wote ambao bila wao hakifanyi kazi.

Amri ni mbili, zinaandikwa kwenye terminal, lile dirisha jeusi la kuandikia amri:

sudo apt update
sudo apt install php-cli

Itakuuliza neno la siri. Ukiliandika kwenye lile dirisha jeusi hutaona nyota wala nukta. Kibodi haijafa, andika ubonyeze Enter.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba kabla ya kushusha chochote, apt inasimama. Inakutajia vifurushi vyote kwa majina, inakuambia itashusha MB ngapi na itakula nafasi kiasi gani kwenye diski, halafu inasubiri ujibu Y au n. Kwangu mimi jumla haikufika MB 10. Mtu niliyezoea kuuliza bei ya chaja nikaambiwa "karibu ndani kwanza kaka, hatutashindwana" nilibaki nikiitazama ile mistari kwa heshima.

Ila heshima hiyo haipo kwenye amri ya kwanza. Ile update haiulizi kitu. Inashusha orodha ya bidhaa za ghala zima, na kama kompyuta haijaguswa muda mrefu, orodha inakula bando kuliko PHP yenyewe. Nilijua baada ya kuangalia salio. Ushauri wangu: ifanye mara moja, kisha weka vyote unavyovihitaji siku hiyo hiyo.

Jambo jingine, andika php-cli, usiandike php peke yake. Ukiandika php tupu, Ubuntu inadhani unataka seva kamili, inakuvutia na Apache, ambayo inajiwasha yenyewe na kukaa kwenye kompyuta yako kama mgeni asiyeaga. Kwa kujaribia kazi huihitaji. Tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, PHP ina seva yake ndogo ya ndani: unaingia kwenye folda ya kazi yako, unaandika php -S localhost:8000, unafungua kivinjari, umemaliza.

Sasa msala. Vifurushi vilishashuka, vikawa vinafunguliwa, luku ikaisha. Kosa ni langu asilimia mia: tokeni niliinunua asubuhi, zile namba 20 zilikuwa kwenye simu, nikawa najiambia nitaziingiza nikimaliza chai. Chumba giza, laptopu kimya. Nilijua nitaanza moja, na bando lilikuwa limeshaguswa.

Umeme uliporudi nikarudia amri ya kusakinisha, apt ikakataa. Ikasema dpkg ilikatizwa katikati, na ikaniandikia neno kwa neno cha kufanya: sudo dpkg --configure -a. Hiyo dpkg ndiyo fundi wa chini anayefungua vifurushi na kuvipanga. Apt ni kama msimamizi wake anayekwenda sokoni. Nikaiandika kama ilivyo, mistari ikapita kwa sekunde chache. Kisha nikaagiza tena, na mafaili yaliyokwisha kushushwa yalikuwa bado yamehifadhiwa kwenye /var/cache/apt/archives, kwa hiyo bando halikuguswa. Nikaandika php -v, ikajibu 8.1.2. Nimewahi kuvunjiwa ahadi na mafundi wenye maduka kabisa, ndiyo maana nalisimulia hili kwa urefu.

Nilichokichukia ni vipande kuuzwa kimoja kimoja. Data za wateja nilitaka kuzihifadhi kwa SQLite, faili moja tu lisilohitaji seva ya hifadhidata. Nikaandika ukurasa wangu vizuri, nikafungua kivinjari, nikakutana na maneno "could not find driver". Usiku mzima nilikuwa natafuta kosa kwenye mistari yangu, na kosa halikuwa huko. PHP ya apt inakuja na mwili bila baadhi ya viungo. Kiungo cha SQLite kinaagizwa peke yake kwa jina la php-sqlite3. Cha MySQL, hifadhidata inayotaka seva yake, vivyo hivyo, php-mysql. Halafu php-mbstring, php-xml, php-curl, php-gd kwa picha. Naelewa sababu, asiyehitaji asibebeshwe, na kwa bando langu hiyo ni rehema. Lakini ujumbe ule ungesaidia kama ungetaja jina la kifurushi, kama dpkg ilivyonifanyia.

Toleo nalo lina mambo yake. Ubuntu 22.04 inakaa na PHP 8.1 maisha yake yote; inapokea viraka vya usalama, lakini haipandi kwenda 8.2 wala 8.3. Kwa daftari la mshonaji hakuna tatizo. Kwa anayetaka kujifunza Laravel 11, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, lipo, maana inadai kuanzia 8.2. Njia inayotumiwa na wengi ni ghala la Ondřej Surý, Mcheki ambaye pia hutunza vifurushi vya PHP vya Debian. Unaliongeza kwa sudo add-apt-repository ppa:ondrej/php, na baada ya hapo unaweza kuwa na 8.1 na 8.3 kwenye kompyuta moja, ukichagua kwa sudo update-alternatives --config php. Mimi nimeliacha. Laptopu yangu haihitaji wake wawili.

Nikaipeleka Manzese kwa majaribio. Siku ya pili mama mdogo akanipigia.

"Baba, hiki kidude chako kinasema uongo."

"Kimefanyaje, mama?"

"Mteja kaja hapa saa tatu kasoro, chenyewe kimeandika 05:50. Saa kumi na mbili kasoro kumi mimi nipo Manzese natafuta nini? Nipo kwenye daladala!"

Alikuwa na haki. PHP usipoiambia uko wapi inahesabu saa za UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, na sisi tuko saa tatu mbele. Dawa ni mstari mmoja ndani ya php.ini, faili la mipangilio ya PHP, ukiandika php --ini inakuonyesha faili lenyewe liko wapi, na kwangu lilikuwa /etc/php/8.1/cli/php.ini. Jiji letu limo kwenye orodha kwa jina lake: date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam. Nilifurahi kuliona, hata kama siku hizi ndani kwa ndani jina hilo linaelekezwa Nairobi. Nikaandika, nikahifadhi, saa ikabaki vile vile. Nikaandika tena. Vile vile. Mwisho nikaona mwanzoni mwa mstari kuna alama ya nukta mkato, ndogo kama chawa. PHP ikiiona inauruka mstari mzima. Nikaifuta, nikazima ile seva ndogo na kuiwasha upya, saa ikakaa sawa.

Alama ninazoipa apt ni nane kwa kumi. Moja nimekata kwa ule ujumbe wa SQLite, nyingine kwa update isiyouliza.

Mama mdogo yeye ana dai jipya. Hataki kuona 09:00, anataka isomeke saa tatu asubuhi kama watu wanavyosema. Hakuna kifurushi nilichokiona cha hilo. Nimeiandika mwenyewe, inatoa sita na kuongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku, na bado inajikanyaga kwenye alfajiri.