Jumamosi sita na vyama vya Marekani: kozi fupi ya Kampala ina thamani gani?

Kwa Jumamosi sita mfululizo nimepanda takisi alfajiri kutoka Jinja hadi Kampala kuhudhuria kozi fupi, inayofundishwa kwa Kiswahili, kuhusu historia ya vyama vya siasa vya Marekani. Kozi hiyo hutolewa na kituo kimoja cha elimu ya watu wazima, ada yake ni shilingi 150,000, na kila kipindi huchukua saa nne pamoja na mapumziko ya chai. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu walizaliwa baada ya kura ya maoni ya mwaka 2005 iliyorejesha mfumo wa vyama vingi nchini Uganda, na wengi wao hudhani kwamba chama ni kitu ambacho lazima kiwepo popote palipo na uchaguzi. Nilitaka kujifunza namna ya kuwaeleza kwamba hata chama kina siku ya kuzaliwa.

Katika jambo hilo kozi haikuniangusha. Siku ya kwanza mkufunzi alitugawia tafsiri ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, bila marekebisho yaliyofuata, akatutaka tutafute mahali ilipotaja vyama. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyeketi kando yangu alipitisha kidole chini ya kila mstari hadi ukurasa wa mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, humu hamna chama." Mkufunzi akamjibu, "Ni kweli, Mzee, hamna." Kutoka hapo alitueleza jinsi George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, katika waraka wake wa kuaga wa mwaka 1796, alivyowaonya wananchi wenzake juu ya hatari ya roho ya uchama, ilhali mpasuko ulikuwa umekwisha kuanza ndani ya baraza lake mwenyewe, kati ya Alexander Hamilton wa hazina na Thomas Jefferson wa mambo ya nje, waliogombana kuhusu madeni ya taifa, benki kuu na msimamo wa nchi juu ya Ufaransa ya mapinduzi.

Kipindi cha pili ndicho kilichonifanya niione ada yangu kuwa imelipwa yote. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa uchaguzi kutoka kila jimbo, na wakati huo kila mjumbe alipiga kura mbili bila kusema ipi ni ya rais na ipi ni ya makamu, na kwa kuwa wajumbe wa upande wa Jefferson walishikamana kichama, uchaguzi wa mwaka 1800 uliwapa Jefferson na mgombea mwenza wake Aaron Burr kura 73 kila mmoja. Uamuzi ukaenda kwa Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lilikuwa na kura moja na mshindi alihitaji majimbo 9 kati ya 16. Darasani nasi tulikuwa watu 16, kwa hiyo kila mmoja alipewa jimbo lake, karatasi zake za kura na maelezo ya msimamo wake. Mimi nilikuwa Delaware, jimbo dogo lililokuwa na mwakilishi mmoja tu, James Bayard, aliyebeba kura ya jimbo zima peke yake. Tulipiga, tukahesabu, tukapata majimbo 8 kwa Jefferson, 6 kwa Burr na 2 yaliyogawanyika. Tukarudia, na matokeo yakawa yale yale. Wawakilishi wenyewe walipata matokeo hayo mara 35. Katika mara ya 36, tarehe 17 Februari 1801, Delaware ilitoa karatasi tupu, yale majimbo 2 yaliyogawanyika yakamwendea Jefferson, naye akashinda kwa majimbo 10. Nilipoitumbukiza karatasi yangu isiyo na jina katika sanduku, darasa lote lilikuwa kimya, nami nilielewa kwa mwili wangu kwa nini Marekebisho ya 12 ya mwaka 1804 yalitenganisha kura ya rais na ya makamu: vyama visivyotajwa popote katika Katiba vilikuwa vimelazimisha ibadilishwe.

Enzi ya Rais Andrew Jackson na kazi ya mwanasiasa Martin Van Buren ya kukisuka Chama cha Democratic ilipita kwa haraka, na sikuona hasara. Maelezo ya mwaka 1854 yalikuwa mazuri zaidi. Sheria ya Kansas na Nebraska ilifungua mlango wa utumwa kuenea magharibi, chama cha Whig, kimojawapo cha vyama vikuu viwili vya wakati huo, kikavunjika, na Chama cha Republican kikazaliwa na kumfikisha Abraham Lincoln ikulu katika muda wa miaka 6. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Arua aliuliza kwa nini basi chama cha tatu hakijafanikiwa tena namna hiyo. Mkufunzi alimwonyesha matokeo ya mwaka 1992, ambapo mgombea binafsi Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi bila kupata hata mjumbe mmoja wa uchaguzi, kwa sababu karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote.

Hata hivyo, kozi ina upungufu ambao sitaunyamazia. Safari ya wapiga kura weusi kutoka chama cha Lincoln hadi kile cha Franklin Roosevelt, yaani Democratic, na jinsi majimbo ya kusini yalivyoanza kukiacha Chama cha Democratic baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ilisukumwa katika nusu saa ya mwisho ya kipindi cha sita, wakati sisi wa mbali tulikuwa tukiitazama saa kwa ajili ya takisi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya vyama hivyo viwili, kwa kuwa bila hilo ramani ya uchaguzi ya leo haisomeki. Kura za mchujo, ambazo chama humchagulia mgombea wake, nazo ziliguswa tu. Tuliambiwa kwamba mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Chama cha Democratic kugombea urais bila kushindana katika mchujo wowote, na kwamba ghadhabu iliyofuata ilibadilisha kanuni kabla ya uchaguzi wa mwaka 1972. Sisi ambao tumeona watu wakipanga mstari nyuma ya mgombea wao katika mchujo wa chama tulikuwa na maswali mengi, lakini muda haukuwepo.

Nakala za masomo pia zilichapwa kwa wino hafifu, na mara mbili zilitufikia baada ya kipindi badala ya kabla. Nimewaandikia wasimamizi nikiwaomba waongeze Jumamosi mbili, hata kama ada itapanda kidogo. Kwa mwalimu wa sekondari ninaipendekeza kozi hii bila kusita, mradi afike mapema: ramani hutundikwa ukutani mbele, na kutoka safu ya tatu maandishi yake hayaonekani.