National Geographic, jarida la Marekani la jiografia na maumbile: la karatasi au la kwenye simu?
Nimesoma kote kote, mi bado nipo na la karatasi. Nakala za zamani zenye fremu ya njano unazipata kwa wauza vitabu vya mtumba, na ukikuta ramani ya kukunja bado imo ndani hapo umeokota dodo. Kwenye simu ile picha ya kurasa mbili inabanwa inakuwa kama stempu, unazuum weee mara meseji ya WhatsApp imeingia mara bando limekata, ushapotea. Ila kutafuta habari ya zamani simu inashinda, hilo halina ubishi. Kasheshe ni matoleo mapya, tangu mwisho wa 2023 hata Marekani kwenyewe halipo tena vibandani, mpaka ujiandikishe ulipie ndo utumiwe. Nyota nne, moja nimekata sababu kurasa zikipata unyevu zinagandana.