My Fair Lady katika diski ya 4K: uzoefu wangu na filamu iliyorudishiwa sauti na sura yake

Kwa miaka mingi niliijua My Fair Lady kama wengi wa rika langu walivyoijua, yaani kupitia kanda ya video iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, ambayo rangi zake zilikuwa zimechakaa hadi nyuso za waigizaji wote, matajiri kwa maskini, zikawa na wekundu mmoja wa matofali. Nyimbo zake nilizipenda tangu mwanzo. Filamu yenyewe, hata hivyo, ilionekana nzito na ndefu kupita kiasi, na sikuelewa kwa nini ilitunukiwa tuzo 8 za Oscar, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kiume. Sasa nimeitazama katika diski ya 4K Ultra HD, yaani diski ya picha zenye ukali wa hali ya juu sana, iliyotolewa mwaka 2021, na nimeitazama tena na tena, kwa hiyo napenda kueleza kwa kirefu nilichokiona na hasa nilichokisikia, maana katika filamu hii sauti ndiyo kisa chenyewe.

Kwa wasioifahamu, hii ni filamu ya muziki iliyotengenezwa na kampuni ya Warner Bros. na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964, chini ya uongozaji wa George Cukor. Chanzo chake ni Pygmalion, tamthilia ya George Bernard Shaw ya mwaka 1913, ambayo Alan Jay Lerner na Frederick Loewe waliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo jukwaani Broadway mwaka 1956. Profesa Henry Higgins, bingwa wa fonetiki (elimu ya sauti za lugha), anawekeana dau na Kanali Pickering kwamba katika miezi sita anaweza kumfundisha Eliza Doolittle, msichana muuza maua wa mitaa ya London, aseme Kiingereza cha kiungwana hadi watu wamdhanie kuwa binti wa ukoo mkubwa. Sisi tuliolelewa katika lugha ambayo usanifu wake ulijengwa juu ya Kiunguja, na ambayo sentensi moja tu humtambulisha msemaji ametoka Mombasa, Lubumbashi au bara ya Tanganyika, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini lafudhi inaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Tatizo la kanda zile za zamani halikuwa rangi peke yake. Filamu hii ilipigwa na Harry Stradling kwa mfumo wa Super Panavision 70, ambao negativu yake (utepe wa awali uliopita ndani ya kamera) ina upana wa milimita 65, karibu mara mbili ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na picha yake ni pana mara 2.20 ya urefu wake wa kwenda juu. Ilipowekwa katika kanda kwa ajili ya televisheni za umbo la 4 kwa 3, pande za picha zilikatwa ili skrini ijae, na ukipiga hesabu utaona kwamba takriban asilimia 40 ya kila fremu ilitupwa. Cukor alikuwa mwongozaji wa kupanga watu: Higgins huku akisema, Eliza kule akisikiliza, na Pickering katikati akiwaangalia wote wawili. Katika kanda ilibidi achaguliwe mmoja wao, na kwa kawaida alichaguliwa anayesema. Maana yake ni kwamba Eliza, ambaye kwa sehemu kubwa ya filamu kazi yake ni kusikiliza, alifutwa katika kisa chake mwenyewe. Katika diski hii amerudi mahali pake, na ule uzito niliokuwa nikiulalamikia umepungua sana, kwa sababu sasa kila mazungumzo marefu ya Higgins yana uso wa pili wa kuutazama.

Urejeshaji wenyewe una historia yake. Tepe za filamu za rangi za kampuni ya Eastman Kodak za enzi zile zilikuwa na udhaifu wa asili, kwa kuwa rangi zake hufifia polepole hata zikihifadhiwa ghalani, na negativu ya filamu iliyopendwa namna hii huchakaa zaidi kwa kuchapishiwa nakala nyingi. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Marekani, Robert A. Harris na James C. Katz, waliiokoa kwa urejeshaji wa kwanza mkubwa, uliofanyika kwa mbinu za maabara za wakati ule. Miaka ishirini na kitu baadaye, kwa ajili ya maadhimisho ya nusu karne ya filamu hiyo, kazi ilirudiwa chini ya usimamizi wa Harris mwenyewe: filamu ya milimita 65 ilipigwa skani kwa ubora wa 8K, ulio mkubwa kuliko 4K, kisha kusafishwa na kupangwa rangi kwa 4K, na Blu-ray (diski ya kizazi kilichotangulia 4K) iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 2015. Diski ya 2021 inatokana na urejeshaji huo huo, ila imeongezewa HDR, teknolojia inayopanua masafa baina ya weusi na mwanga.

Faida ya HDR niliiona vizuri zaidi mahali ambapo hakuna rangi. Onyesho la mbio za farasi za Ascot ni maarufu kwa mavazi ya Cecil Beaton, ambaye wanawake wote aliwavika nyeupe na nyeusi, na wanaume akawavika makoti ya kijivu, akikumbuka mashindano ya Ascot ya mwaka 1910, ambapo watu walihudhuria wakiwa wamevaa nguo za maombolezo ya mfalme Edward VII. Katika kanda onyesho hili lilikuwa doa moja la kijivu lililojaa kofia. Katika diski hii nyeupe haziko sawa: kuna nyeupe ya maziwa ya lesi, nyeupe kali ya glavu, na nyeupe ya hema inayopitisha jua. Weusi wa utepe wa mahameli unatofautiana na weusi wa manyoya. Eliza anapoingia na gauni lake la lesi lenye utepe wa milia na kofia pana ambayo ina maua mekundu, wekundu ule mdogo unagonga macho kwa nguvu ambayo bila shaka Beaton aliikusudia, kwa sababu hadi hapo jicho limeshazoea kukosa rangi. Watu wa Ascot wamesimama kama walivyopangwa, hawageuzi hata shingo farasi wanapopita kwa kishindo, na msichana huyu wa mtaani ndiye pekee mwenye damu mwilini. Sikuhitaji mtu anieleze tena tuzo ya mavazi ilikwenda kwa Beaton kwa sababu gani.

Onyesho jingine ninalolirudia ni dogo zaidi. Katika chumba cha kazi cha Higgins, Eliza anafundishwa kutamka herufi H, ambayo lafudhi yake ya Cockney, ya makabwela wa London, huimeza. Mbele yake pamewekwa kifaa chenye mwali wa moto: akitoa H ipasavyo, mwali unaruka kwa pumzi yake, akiimeza, mwali unatulia. Anajaribu, anachoka, na karatasi aliyoishika inashika moto. Zamani niliona moto tu. Sasa naona mwali ukitikisika kwa kila neno, naona tope lililokauka katika kucha zake, naona sufi iliyochoka ya sweta ya Higgins, naona shaba ya vyombo vyake vya kurekodia sauti ikiakisi taa. Vitu hivi vyote ni vya kweli, vimetengenezwa kwa mikono na kuwekwa mbele ya kamera, na chembechembe za filamu, yaani punje ndogo za asili zinazoonekana katika picha, zimeachwa mahali pake badala ya kusuguliwa mpaka nyuso zifanane na nta, kosa ambalo limeziharibu filamu nyingi za zamani zinazouzwa kwa jina la urejeshaji.

Nikija kwenye sauti, hapa ndipo nilipobadilisha kabisa hukumu yangu juu ya filamu hii. Sauti ya awali ilirekodiwa katika njia sita za utepe wa sumaku uliobandikwa kwenye nakala za milimita 70, na kutokana na hizo wametengeneza mchanganyiko wa 7.1, yaani wa spika saba na moja ya besi. Hata kwa spika za kawaida za nyumbani, tofauti iko wazi. Rex Harrison, aliyekuwa amemwigiza Higgins jukwaani Broadway tangu 1956, alikataa desturi ya Hollywood ya kurekodi wimbo studio kisha kufuatisha midomo mbele ya kamera, kwa sababu yeye haimbi hasa, bali husema kwa mdundo, na hakuusema wimbo mara mbili kwa namna moja. Ilibidi afichiwe maikrofoni ndogo isiyo na waya ndani ya tai yake, jambo lililokuwa jipya sana wakati huo, na tuzo ya sauti ilikwenda kwa George Groves wa idara ya sauti ya Warner. Katika diski hii unasikia chumba kikimzunguka Harrison. Unasikia pumzi yake anapogeuka ghafla, na sauti yake ikipungua anapoipa kamera mgongo.

Audrey Hepburn, aliyemwigiza Eliza, hakupata bahati hiyo. Alijifua kuimba, akarekodi nyimbo zake, lakini wakubwa wa studio waliamua sehemu kubwa iimbwe na Marni Nixon, mwimbaji ambaye alikuwa ameshawaimbia Deborah Kerr katika The King and I na Natalie Wood katika West Side Story. Zamani, kanda ilipokuwa ikikoroma, niliuchukulia uimbaji wote kuwa wa mtu mmoja. Sasa mshono unasikika. Katika wimbo wa "Just You Wait", ambao Eliza anaapa kulipiza kisasi kwa Higgins, mwanzo ni Hepburn mwenyewe, mkali, mkavu, mwenye hasira ya koo. Kisha panapohitajika noti za juu anaingia Nixon, laini na safi kama maji ya chujio, halafu Hepburn anarudi mwishoni. Wapo watakaoona kuwa urejeshaji uliofichua mshono umeiharibia filamu raha yake. Mimi naona kinyume. Kisa chote kinamhusu mwanamke ambaye sauti yake inaondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake na wanaume wenye uwezo, na kusikia jambo hilo hilo likimtokea mwigizaji ndani ya wimbo mmoja kunaifanya hasira ya Eliza iwe ya kweli kuliko waandishi wake walivyotarajia. Nashukuru kwamba wahandisi hawakulainisha tofauti hiyo.

Katika nyongeza za seti hii mna rekodi za Hepburn mwenyewe akiimba "Wouldn't It Be Loverly" na "Show Me", zikiwa zimeunganishwa na picha. Mtu asiache kuzisikiliza. Sauti yake ni nyembamba na haifiki juu, hilo ni kweli, lakini katika "Wouldn't It Be Loverly", ambapo muuza maua anatamani chumba chenye joto na kiti kikubwa, udhaifu ule unafaa kuliko ufundi wa Nixon. Kwa "Show Me" nakubaliana na uamuzi wa studio, maana wimbo unataka nguvu ambayo hakuwa nayo. Inanisikitisha kwamba mwaka ule hakupendekezwa hata kugombea Oscar, ilhali Julie Andrews, ambaye alikuwa Eliza wa Broadway na ambaye Jack Warner, mkuu wa Warner Bros., hakumpa nafasi hii, aliichukua kwa filamu ya Mary Poppins. Kazi ya Hepburn ya kuongea, ukiisikia safi namna hii, ni kubwa mno: lafudhi yake haibadiliki kwa mkupuo, bali hatua kwa hatua, na anapokasirika baada ya dhifa ya ubalozini, Cockney inarudi katika irabu mbili tatu tu kabla hajaidhibiti.

Upungufu upo. Ukali wa picha unafichua kwamba London yote hii ilijengwa ndani ya studio za Burbank, California, na katika mtaa wa Wimpole, anakoishi Higgins, mwanga ni wa taa, wala si wa jua. Filamu bado ni ndefu, karibu saa tatu, na nusu ya pili inalegea katika sherehe ya kabla ya harusi ya baba yake Eliza, ingawa Stanley Holloway, anayemwigiza baba huyo, anaichangamsha kadiri awezavyo. Manukuu ya Kiswahili hayamo, kwa hiyo asiyezoea Cockney awashe yale ya Kiingereza tangu mwanzo.

Kwa wanaotaka kununua, diski za 4K Ultra HD hazina vizuizi vya kanda za kijiografia, hivyo iliyonunuliwa Marekani au Uingereza itacheza katika mashine yoyote ya 4K iliyoko Nairobi au Dar es Salaam, lakini haitasomwa na mashine ya kawaida ya Blu-ray. Zimeni ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo, kwa maana unaifanya filamu ionekane kama tamthilia ya televisheni na kufuta kazi yote iliyofanywa. Mwenye televisheni ndogo au isiyo na HDR atatosheka na Blu-ray ya 2015, ambayo imetokana na skani hiyo hiyo na sauti yake ni nzuri pia. Toleo la kuliepuka ni Blu-ray ya mwaka 2011, iliyotangulia urejeshaji huu na ambayo bado huuzwa kwa bei ya chini. Angalieni mwaka nyuma ya kasha kabla ya kulipa.